Ziwa la Kumi na Saba

Kila Mei, theluji ikishakuwa matope
kwenye maegesho ya ofisi ya takwimu, Kuopio,
Eerika Hyttinen huyaweka maziwa arobaini na moja
ndani ya orodha moja
na kuandika mstari mmoja.

Haiambii kompyuta: anza na la kwanza,
ukimaliza shika la pili, usiruke, usirudie.
Huipa orodha, huipa fanksheni:
kila ziwa liulize, barafu yako
ilivunjika siku ya ngapi ya mwaka?
Kisha huenda kuchemsha kahawa.

Akirudi, majibu yamekwisha jipanga:
112, 121, 119, 125,
safu nyoofu kama wanafunzi wa gwaride,
kila namba na jina la ziwa lake kichwani.
Safu hakuiomba.
Mashine imeyaonja majibu, imeyakuta ni mojamoja,
ikayapanga yenyewe.
Miaka tisa Eerika ameiita hiyo akili.

Mwaka huu aliomba wastani, akanyimwa.
Akachungulia. Safu haipo.
Mifuko arobaini na mmoja,
kila mmoja umefungwa kivyake,
na ndani yake namba ya kawaida tu,
kama viazi mtu alivyovizungushia gazeti kimojakimoja.
Na hakuwa amegusa hata nukta.

Kaisu, wa meza ya dirishani, hakuinua kichwa.
"Inakukisia," alisema.
"Wakati mmoja nilichuja maziwa, halikubaki hata moja.
Nilingoja sifuri. Ilinipa mfuko mtupu,
nami nikaubeba hivyohivyo mpaka kwa mkurugenzi."

Mimi ninayeyaandika haya sina haki ya kucheka.
Lugha yangu nayo ina mchezo huo:
kitu kizuri kimepotea;
kiongeze mwenzake, na sentensi nzima
hubadili viatu, vitu vizuri vimepotea,
wala hakuna aliyeiamuru.
Mmoja tu akizidi, wote huvaa sare nyingine.

Eerika akafungua mfuko baada ya mfuko.
Wa kumi na saba ulikuwa wa Hauenkaula,
ziwa lililobanwa katikati kama shingo.
118, 129.
Mawili.

Akapiga simu.
Oiva Puustinen, tarishi mstaafu,
hulitazama ziwa kutoka kwenye ngazi ya sauna yake
na kuandika kwa penseli ya seremala.
"Tarehe ishirini na nane maji yalikuwa wazi," alisema,
"nikatumbukiza miguu, shahidi ni goti langu.
Halafu upepo ukaisukuma barafu ya kaskazini
ikapita shingoni, ikatuziba tena.
Mei tisa ikaondoka.
Sasa binti, unataka nikudanganye kwa ipi?"

Hakuwa na jibu la haraka.
Alisikia kikombe kikiwekwa mezani, huko upande wa pili.

Alasiri akaandika mstari mwingine, mkali:
kwa kila ziwa namba moja, si pungufu, si zaidi,
la sivyo simama.
Ukasimama.
Maandishi mekundu: la kumi na saba,
nilitarajia moja, nimepata mbili.
Kaisu akapita nyuma yake, akasema afadhali,
huyu angalau anagombana nawe usoni.

Eerika aliyaacha mekundu yale mpaka saa kumi.
Angeweza kuchukua la kwanza. Angeweza kuchukua la mwisho.
Kila moja ni herufi chache tu, na wastani ungetoka,
na hakuna ambaye angeuliza.

Maji, kwa lugha yangu, hayana umoja.
Hujawahi kusikia mtu akisema jaji.

Alichukua 129, kwa kuwa ripoti ina nafasi moja.
Kisha, chini ya jedwali,
kwa herufi ndogo zinazowachosha wasomaji,
akaandika jina la Oiva, ngazi ya sauna, upepo,
na 118.